Siku ya Sifuri: Miaka Yangu katika Nyumba ya Wanyama

Siku ya kwanza kazini sikushika panya hata mmoja. Nilishika sabuni. Msimamizi wa Nyumba ya Wanyama, mzee mwembamba kutoka Kilwa, alinisimamisha mbele ya sinki akaniamuru ninawe mpaka viwiko, nijikaushe, kisha ninawe tena. Nilipomaliza akaniuliza nimetoka wapi.

“Mbinga, Mzee. Kijijini Mapera.”

“Huko mnakula panya.”

Sikujua kama ananiuliza au ananisimanga. Kwetu mahindi yakishavunwa wavulana huchimba panya wa shambani, na mimi katika utoto wangu sikuwahi kukikunjia pua kitoweo hicho. Nikaona niseme kweli. “Wa shambani tunakula, Mzee. Wa nyumbani hapana.”

Akafunga bomba. “Basi humu ndani wote ni wa nyumbani. Ukisikia njaa, kantini iko kule.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo imenitoa mvi. Sasa nimestaafu, niko Mapera na mibuni yangu, na vijana wanaosomea maabara hupita kunisalimu. Wakishaitikiwa shikamoo zao, huuliza jambo lilelile: Bibi, kweli ulifanya kazi na panya wajawazito maisha yako yote? Huuliza wakiwa wamekunja nyuso kidogo. Ndiyo, kweli. Na kwa kuwa nimechoka kulieleza jambo hili vipande vipande, nimeona niliandike.

Kazi yetu ilikuwa kutafuta jibu la swali moja. Dawa hii, mama mjamzito akiinywa, mtoto aliye tumboni atasalimika? Ni swali ambalo huwezi kuanza kulijaribu kwa mama mwenyewe. Zamani, kabla sijazaliwa, kulikuwa na dawa huko ng'ambo iliyopewa kina mama kutuliza kichefuchefu. Ilionekana dawa ya upole kabisa. Watoto wakazaliwa bila mikono, wengine bila miguu. Tangu hapo dunia ikakubaliana kwamba dawa mpya kwanza ipite kwa wanyama wenye mimba, tena wa aina mbili, kwa sababu kinachompita panya bila madhara chaweza kumdhuru sungura. Taasisi yetu, iliyokuwa mbali sana na mkoa wetu wa Ruvuma, ilikuwa na panya weupe upande wa kulia na sungura upande wa kushoto. Katikati palikuwa na chumba cha kupasulia.

Jambo la kwanza nililofundishwa baada ya sabuni ni siku ya sifuri. Jioni tulimweka dume pamoja na majike. Asubuhi, kabla hatujanywa chai, tulimkagua kila jike. Aliyepandwa tulimjua kwa ute mgumu mweupe ukeni, mdogo kama punje ya mchele, au kwa mbegu za dume zilizoonekana chini ya hadubini. Huyo tulimhamishia kizimba chake mwenyewe, na siku hiyo ikawa siku yake ya sifuri. Kuanzia hapo kila kitu kilihesabiwa kutoka siku hiyo. Panya hubeba mimba kwa wiki tatu tu, kwa hiyo ukikosea siku moja umekosea sana. Kuna siku ambazo moyo unajikunja na kuwa moyo, na siku ambazo kaakaa la juu ya kinywa linafunga. Dozi ileile ikitolewa siku moja inaharibu, na ikitolewa siku nyingine inapita bila kuacha alama.

“Asiye na siku ya sifuri hana utafiti,” Msimamizi alizoea kusema. “Ana panya tu.”

Dawa tuliwanywesha kwa sindano butu ya chuma, iliyopinda kidogo na yenye ncha ya mviringo ili isichome koo. Unamshika panya nyuma ya shingo kwa vidole viwili, unamnyoosha, unaipitisha sindano pembeni mwa ulimi mpaka tumboni. Mkono ukitetemeka dawa inaingia kwenye mapafu, na hapo umemuua bure. Msimamizi alinifanyisha mazoezi kwa maji matupu mpaka aliponiona naongea huku mkono wangu hautikisiki. Alikuwa mkali, lakini alikuwa na ukali wa mtu anayetaka uweze.

Kisha ilikuja siku ya mwisho. Sitawaficha, kwa sababu wengi wenu hukwepa kuniuliza hapo. Siku moja kabla ya kuzaa, jike alilazwa usingizi asioamka, tukafungua tumbo la uzazi. Tulihesabu walio hai, waliokufa, na mahali ambapo kiinitete kilianza kikayeyuka, pakabaki doa tu. Kila kitoto tulikikagua kwa mpangilio usiobadilika: fuvu, midomo, kaakaa, uti wa mgongo, vidole vya mbele, vya nyuma, mkia. Baadhi ya vitoto tulivitia kwenye dawa inayoifanya nyama ipenye mwanga na rangi inayoshika mifupa peke yake. Ukikiinua kitoto cha namna hiyo dirishani unaona mifupa yote myekundu, mbavu nyembamba kama nyuzi. Mara ya kwanza nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Msimamizi alikuja akasimama karibu yangu. Hakunibembeleza. “Yustina, una dada?”

“Nina mdogo wangu wa kike, Mzee. Bado mchanga.”

“Haya. Huyu wa mezani anafanya kazi ambayo mdogo wako hapaswi kuifanya. Ndiyo maana siku ya kupasua humu ndani hatufungui redio.”

Na kweli, kwa miaka yote aliyokuwepo, siku ya kupasua hapakuwa na redio wala masihara. Alisema bismillahi yake kimyakimya, mimi nikafanya ishara ya msalaba, kazi ikaanza. Alipostaafu nikakabidhiwa nafasi yake, na marufuku ya redio ikabaki. Vijana waliniita jina la utani nisilotaka kulitaja hapa.

Mkubwa wangu wa pili alikuwa Mtafiti Mkuu, ambaye wote tulimwita Daktari, bila jina. Alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'aa. Niliwahi kumpelekea taarifa ya kundi moja nikasema watoto wanaonekana wazima. Akairudisha. “Bi Yustina, usiniambie wanaonekana. Niambie umewatazama.” Nilikasirika siku nzima. Baadaye nikawa nawaambia vijana wangu maneno hayohayo.

Chini ya Daktari ndipo ilipokuja dawa ambayo imenifanya niandike. Jina lake sitalitaja, na siku hizi haigawiwi tena, imeshapata mbadala. Ilikuwa ya ugonjwa unaowasumbua watu wa kandokando ya maziwa. Tuliwanywesha panya na sungura kwa utaratibu wote. Waliopewa dozi kubwa katika siku za mwanzo za mimba walitoka na watoto wenye mbavu zilizoungana na mikia mifupi. Waliopewa baadaye hawakuwa na kitu. Dozi ya binadamu ilikuwa ndogo mno kuliko ile, lakini wakubwa wakaamua wasibahatishe. Ikaandikwa kwamba mwanamke mwenye mimba changa asipewe. Niliisoma sentensi ile nikaona fahari. Nilihisi kwamba panya wale wote na zile siku za kimya zimezaa kitu.

Karibu na kustaafu kwangu, Daktari alipewa kuongoza timu ya kuigawa dawa hiyo katika vijiji vya ziwani, upande wa Liuli. Akanichagua niende naye. “Ni kwenu,” alisema. Nilimweleza kwamba mimi ni Mmatengo wa milimani, na kule chini ni kwa Wanyasa, wenye lugha yao, kanisa lao na samaki wao. Akasema vyovyote vile mimi napajua kuliko yeye. Hakukosea, maana huko ndiko alikoolewa Skolastika.

Skolastika ndiye yule mdogo wangu aliyekuwa mchanga wakati nakaa kwenye ngazi. Ni kitindamimba wetu. Mama alipofariki nililipa ada yake, na hata leo akinisalimia huinama kidogo kama mtoto wa shule. Alikuwa ameolewa miaka kadhaa bila mtoto. Si kwamba hakushika mimba. Ya kwanza aliitaja mapema kwa furaha, ikatoka. Watu wakasema ameitangaza ndiyo maana. Ya pili hakumwambia mtu isipokuwa mume wake, nayo ikatoka. Ikasemwa basi mume ndiye aliyeropoka. Baada ya hapo Skola akafunga mdomo kabisa.

Kwa msiomjua mwanamke wa huku, nieleze. Mimba changa haitajwi. Mwenyewe hasemi, na anayemwona hasemi kwamba ameona. Tumbo likishajitokeza ndipo watu huanza kusema kwa kuzunguka kwamba hali ya fulani imebadilika. Mtu akiuliza waziwazi mapema, jibu ni hapana, na hapana hiyo si uongo. Ni adabu, na ni woga pia. Mimi nimelelewa hivyo, ninalijua tangu nikiwa msichana. Lakini niliposoma ile sentensi yetu kule taasisi sikuzikutanisha habari hizo mbili kichwani.

Zilikutana uwanjani mwa shule, asubuhi, katika kijiji kimoja si mbali na Liuli. Meza ilikuwa chini ya paa la veranda. Muuguzi, mama wa hapohapo kijijini, aligawa vidonge. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mtu ameze mbele ya mgawaji na kufungua kinywa kuonyesha kimepita, kwa sababu kwingine watu walikuwa wanavificha na kuvitupa. Wanawake waliulizwa kwanza: una ujauzito? Foleni ilikuwa karibu mno hata anayefuata akasikia kila neno.

Wazee walitangulia, kama ilivyo desturi, na kwao swali lile lilikuwa kichekesho. Bibi mmoja alimjibu Muuguzi kwamba kama ipo basi wamwite na Padre. Tukacheka. Kisha nikamwona Skola nyuma ya mama mkwe wake, akija kwa njia inayopita kwenye vichanja vya usipa.

Mjue kwamba Skola anapenda usipa. Tangu aolewe ametutumia Mapera magunia ya dagaa hao kana kwamba huku tuna njaa. Asubuhi ile alipofika kwenye vichanja alivuta pembe ya khanga akafunika pua, akapita haraka.

Alinisogelea akaniamkia. “Shikamoo dada.”

“Marahaba. Hamjambo?”

“Hatujambo.” Macho yake yalikuwa yamejaa na shingo imenawiri. Miaka yote nimetazama majike kabla hawajaonyesha tumbo, nami najua kutazama. Lakini mtu si panya, na mimi sikuwa na siku ya sifuri yake. Nilishuku tu. Alirudi kwenye foleni nyuma ya mama mkwe, ambaye alikuwa amebakiza watu wachache kufika mezani.

Nataka muelewe nilivyosimama pale. Maneno mawili kwa Muuguzi yangetosha, na mama mkwe angeyasikia, na kabla ya jua kutua kijiji kizima kingejua. Skola angekana mbele ya watu, ameze, afungue kinywa. Au asingekana, na mimba hiyo nayo ikitoka, angeamini mpaka kufa kwamba ni mdomo wangu mimi, dada yake, ulioitoa. Nikinyamaza, anameza kile nilichokiona kikiunganisha mbavu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

Nikaenda kwa Daktari aliyekuwa kwenye gari akipanga maboksi. “Daktari, naomba tusimamishe foleni.”

“Kuna nini?”

“Lile swali halijibiki pale.”

“Mbona wanajibu? Wote wamesema hapana.”

“Ndiyo, Daktari. Wote.”

Aliweka boksi chini. Yeye si wa huku, lakini si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. “Vipimo vya mkojo tunavyo.”

“Ukimpa mmoja kikopo umemtangaza. Ukiwapa wote, kesho hutamwona mtu. Na mimba ya siku chache kipimo kinaweza kisiione.”

Akageuka kuitazama ile foleni ya khanga. “Kule ndani siku ya sifuri tuliijua sisi,” alisema. “Hapa nani anaijua?”

“Mwenyewe tu.”

“Basi aamue mwenyewe, na sisi tusimwone akiamua.” Akanawa mikono, akatembea mpaka mezani, akamfunika Muuguzi lile kopo la vidonge kwa kiganja chake. Mama mkwe wa Skola alikuwa amesimama mbele yake, kinywa wazi tayari.

Muuguzi ndiye aliyejua la kufanya baada ya hapo. Alikwenda jiko la shule akarudi na chungu chenye kifuniko na ndoo ya maji ya kunywa. Akatundika khanga mbili kwenye mlango wa darasa. Kisha akasimama mbele ya watu, mikono nyuma.

“Mama zangu, shikamooni. Dawa hii ni nzuri, ila kwa mwenye mimba changa si salama. Sitamuuliza mtu. Kila mmoja atapewa kidonge aingie nacho darasani peke yake. Ndani kuna maji na kuna chungu. Asiye na sababu, ameze. Mwenye sababu yake akitumbukize chunguni, anywe maji, atoke. Mimi nitakuwa huku nje. Na wanaume pia watapita humohumo, msije mkahesabiana.”

Mzee mmoja akauliza na yeye atumbukize sababu gani. Muuguzi akamwambia aingie tu, baba, maji ni ya bure. Foleni ikaanza kusogea upya. Daktari aliukunja utaratibu wake wa kufungua vinywa, na najua alikuwa na wakubwa wa kuwaeleza baadaye. Hakunilaumu hata siku moja.

Skola aliingia. Hakukaa sana. Alitoka akijifuta midomo kwa pembe ya khanga kama walivyofanya wote, akapita bila kunitazama.

Mchana, watu walipoisha, tulifunua chungu. Vidonge vilikuwemo, na havikuwa vichache. Vyote vilikuwa sawasawa, vyeupe, vimelala juu ya masizi ya zamani. Daktari aliinama akavitazama. “Hawa wote wangemeza,” alisema, akarudisha kifuniko. Nilimwona ameguswa, na mimi nilipaswa kufurahi. Lakini nilikuwa natafuta kidonge kimoja tu, na hakuna namna ya kukijua.

Kumuuliza nisingeweza. Kuuliza ni kutaja.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyostaafu. Walinifanyia chai, wakatoa hotuba, wakanipa kitenge na saa ya ukutani. Kabla ya kuondoka nilipita kati ya vizimba mara ya mwisho, nikagusa waya kwa vidole kama nilivyozoea. Siku hizi mambo mengi yanaangaliwa kwenye chembe hai za bakulini na kwenye kompyuta, na idadi ya wanyama inapungua. Nalifurahia jambo hilo bila kusitasita. Wale niliowafungua sikuwasahau, na sijutii, kwa sababu waliyotuambia yalikuwa kweli. Ila nilichojifunza mwishoni ni kwamba ukweli uliotoka kwenye kizimba bado una safari ya kumfikia mwanamke aliye kwenye foleni, na safari hiyo nayo ni kazi. Ninyi mnaokuja nyuma yetu mtaikuta.

Nilirudi Mapera wakati wa kuchuma kahawa. Kila nilipochambua buni nyekundu niliona mifupa myekundu. Nilisali, nikakosa usingizi, nikawagombeza wachumaji wasio na hatia. Siku moja shemeji yangu akapiga simu. Alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya nyavu, halafu kama anayekumbuka akasema, “Dada, hali ya Skola imebadilika.” Nikamwambia asante kwa taarifa. Nilikata simu nikakaa chini palepale kati ya mistari ya mibuni.

Alijifungua hospitali, msimu wa mvua. Niliteremka na basi, matope mpaka kwenye vioo, nikafika alasiri. Mama mkwe alinipokea mlangoni kwa heshima zote, akanipa mtoto akiwa amefungwa khanga. Msichana.

Sikumtazama kama mama mkubwa anavyomtazama mtoto wa mdogo wake. Mikono ilianza yenyewe. Niligusa fuvu, utosi, nikafuata mdomo wa juu. Nikapitisha ncha ya kidole changu kidogo kinywani, kaakaa likawa zima, naye akakinyonya. Nikateremka uti wa mgongo fundo kwa fundo, nikahesabu mbavu kwa kubonyeza, nikafungua ngumi moja, nikafungua ya pili. Nikafungua khanga miguuni.

Skola alikuwa amelala ubavu akinitazama. Mama mkwe alikuwa ametoka kuchukua uji.

“Dada,” alisema kwa sauti ya chini, “acha kukagua. Changu nilikitia chunguni.”

Nilikuwa nimebakiza mguu wa kushoto. Nilimalizia kidole cha mwisho, kisha nikalia.